Meza Yenye Mguu Mfupi

Sijui kusoma. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba maneno haya ni yangu, na vidole tu ndivyo vya mjukuu wangu, binti mkubwa wa mwanangu, ambaye nimemwamuru asiongeze wala asipunguze. Aliniuliza kama angeweza kuyanyoosha mahali yalipopinda. Nilimjibu kwamba akitaka kunyoosha kitu, nguo zimejaa kwenye kapu na pasi iko pale. Hapa aandike tu.

Habari yenyewe ni ya meza mbili, na ya Jumapili ambayo nusura nimpoteze mwanangu wa pekee kwa ajili ya ile ya pili.

Sisi ni Warundi. Tuliishi miaka mingi katika kambi upande wa Kigoma, nchini Tanzania, na Kiswahili hiki tulikipata huko. Kambini palikuwa na katekista mmoja, mtu mwembamba mwenye sauti nene, ambaye jioni aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akatusimulia Agano la Kale kwa mpangilio, bila kuruka. Waliojua kusoma walimfuata katika vitabu vyao. Mimi nilimfuata kwa masikio, na nilichokisikia sikukiacha kianguke. Alipofika kwa Waisraeli walioingia katika nchi mpya, alitutazama usoni akasema, "Hapa msisinzie. Hata ninyi mtaingia katika nchi za watu."

Akatueleza jinsi walivyovuka Yordani miguu mikavu, na jinsi walivyookota mawe katikati ya mto wakayasimamisha ng'ambo, ili watoto watakaozaliwa baadaye wakiuliza maana yake waambiwe. Akatueleza kwamba siku walipokula nafaka ya nchi ile, mana ilikoma, wala hawakuiona tena. Akatueleza habari za mtu aliyeficha joho chini ya hema lake, na jinsi watu wote walivyopigwa vitani kwa kosa la mmoja. Kisha akafika kwa makabila mawili na nusu yaliyopewa nchi upande wa pili wa mto. Hao walipokuwa wakirudi makwao walijenga madhabahu kubwa kandokando ya Yordani, ilhali madhabahu ya taifa ilikuwa moja tu. Ndugu zao waliposikia, taifa zima lilikusanyika na silaha ili kwenda kuwapiga.

Hapo giza likaingia, katekista akafunga kitabu. "Tutamalizia kesho," akasema. Kesho yake asubuhi jina lake lilisomwa miongoni mwa wanaorejeshwa Burundi, akapanda lori yeye na kitabu chake. Sikumwona tena. Wala sikuona haja ya kumtafuta mtu wa kunimalizia. Taifa zima likishika silaha dhidi ya watu wachache, mwisho wake hauhitaji msomi. Niliumalizia mwenyewe kichwani: walipigana, na waliojenga madhabahu ya pili wakafutika. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watoto, kwanza kambini na baadaye huku, na hakuna aliyewahi kunipinga.

Tulipoletwa Houston tulipewa nyumba ya ghorofa ya pili huko Gulfton, ndani ya majengo yaliyobanana kiasi kwamba jirani akikaanga vitunguu ninyi wote mnapiga chafya. Walituwekea magodoro, sufuria, na friji iliyojaa vitu tusivyovijua. Kwa miezi michache tulilipiwa kodi. Kisha siku moja yule dada wa shirika lililotupokea, aliyekuwa akituhudumia, alikuja akatuambia kwa upole kwamba msaada umefika mwisho. Mume wangu alishika kichwa. Mimi nilimwambia, "Mana imekoma. Maana yake ni kwamba tumekwisha kuingia katika nchi." Wiki ileile alipata kazi ya kupakia mizigo ghalani, nami nilipata kipande cha ardhi katika bustani ya pamoja nyuma ya kanisa, nikapanda maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu. Siku tulipokula maharage yale ya kwanza, mume wangu alisema yana ladha ya chuma. Alikula sahani mbili.

Kitu ambacho hatukuwa nacho ni meza. Kambini tulisali mbele ya sanduku, lakini mume wangu alisema kwamba mtu aliyekwisha kufika hasali mbele ya sanduku. Basi akaiona moja imetupwa karibu na pipa kubwa la taka, mahali ambapo watu wanaohama huacha vyombo vyao. Ilikuwa meza ya mbao imara, ila mguu wake mmoja wa nyuma, wa kushoto, ulikuwa umevunjika kwa chini. Aliubeba ule mzigo mgongoni mpaka juu, akausawazisha mguu kwa msumeno wa kuazima, kisha akatafuta kitu cha kuweka chini yake. Mbao hazikuwepo. Akaingia jikoni, akauchukua mwiko wangu wa ugali, ule niliotoka nao kambini, akaukata bapa lake akatengeneza kabari.

"Nitasongea nini?" nilimuuliza.

"Utasongea kwa kilichobaki," alinijibu. "Bwana amechukua sehemu yake."

Nilinuna mpaka jioni. Lakini meza ilisimama, na juu yake tuliweka msalaba na mshumaa, tukaalika Warundi wa majengo yale, na Wakongo waliotaka kuja, na jumuiya yetu ikaanzia hapo.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Jumuiya ilisali kila Jumamosi nyumbani kwa mtu mmoja kwa zamu, na meza ndiyo iliyohama. Wanaume waliishusha kwenye ngazi za chuma wakaivusha uwanja wa kuegesha magari mpaka kwa mwenye zamu, watoto wakitangulia kufungua milango. Kabari haikubebwa pamoja na meza. Mama wa nyumba iliyomaliza zamu aliibeba mkononi, na mama wa nyumba iliyopokea aliinyoshea mikono yote miwili, kisha mimi niliinama nikaiweka chini ya mguu. Mpaka kabari ipite mkono kwa mkono, hatukuanza sala. Mume wangu alipofariki, jeneza lake lilipitishwa mbele ya nyumba, na meza ilitolewa nje ikasimama uwanjani mpaka lipite.

Baadaye tulipata pigo. Mmoja wetu aliyekuwa na ulimi mzuri alijitengenezea mimbari sebuleni kwake, akanunua kipaza sauti, akaanza kuwaita watu siku ileile ya Jumamosi. Nusu ya jumuiya ilimfuata. Alipochoka na Texas alihamia jimbo jingine, akawaacha wale watu mikono mitupu, na wao kwa aibu hawakurudi kwetu. Tulipokutana tuliobaki, nilisimama nikasema neno, na wote waliinua mikono kulikubali: meza ni moja. Nyumba itakayosimamisha nyingine itaondolewa katika zamu. Hatutaingia kwake kwa harusi wala kwa msiba, mpaka aibomoe. Mwanangu alikuwepo. Aliinua mkono.

Miaka ikapita, na mwanangu na mkewe wakapata nyumba huko Katy. Ni nyumba mpya, na ukiondoka Gulfton unaiendea kwa barabara kuu pana inayoelekea machweo. Nilifurahi kwa ajili yao. Mwanzoni walirudi kila Jumamosi. Kisha ghala analofanyia kazi lilimbadilishia ratiba, na mkewe, anayehudumia wazee wasiojiweza, akapangiwa kazi za mwisho wa wiki. Zamu yao ilifika, nao hawakuja kuipokea kabari. Nilimsamehe kwa sababu ya kazi. Ya pili ilipopita, sikusema kitu, lakini nilihesabu.

Ndipo kikaja kimbunga, umeme ukakatika mji mzima, na uliporudi ikaja picha.

Mwenyekiti wa jumuiya aliniletea mlangoni. Ni mzee mpole, anafua mashuka hotelini, na hapendi ugomvi hata na nzi. Alisimama akiwa ameshika simu kama mtu aliyeshika yai bovu.

"Bibi, sijui nikuoneshe au niende zangu."

"Umekwisha kupanda ngazi. Onesha."

Niliiona. Mmoja wetu alikuwa amewapelekea barafu wale wa Katy baada ya kimbunga, akapiga picha, akaituma katika kundi la simu la jumuiya bila neno. Palikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa hadi sakafuni. Ukutani juu yake palikuwa na msalaba. Juu ya meza mshumaa uliwaka. Wajukuu zangu walikuwa wameketi sakafuni kuizunguka, mbele ya baba yao, na baba yao alikuwa amefumbua kinywa akisema nao.

"Mimi nilidhani ni ya chakula," alisema mwenyekiti.

"Umewahi kuona chakula kikiwekewa msalaba?"

Jioni ile walikusanyika kwangu. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. Walikuwa wanalikumbuka pigo la kwanza. Mwenyekiti alisafisha koo akasema, "Bibi, neno uliliweka wewe. Kama halimhusu mwanao, basi halimhusu mtu yeyote, na kila nyumba itajitafutia meza yake. Kama linamhusu, ni wewe utakayelisema. Tunangoja."

Nilijua anasema kweli. Nikilinyamazia, jumuiya itapasuka. Nikilisema, sitakanyaga nyumba ya mwanangu, na watoto wake watakua bila kuniona, na siku nikifa sijui watasimama wapi. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa ili nilimalize, wakati mama mmoja Mkongo wa Uvira, jirani yangu wa chini, alipopiga goti lake kwa kiganja.

"Miye sijaona mutu kuhukumiwa juu ya picha ya telefone," alisema. "Twende kule tuone na macho yetu. Kama ni bubaya, utamuambia uso kwa uso. Weye unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Basi twende."

Nilikubali, lakini msomaji asinihesabie jema ambalo sikulifanya. Sikukubali ili nikaulize. Nilikubali kwa sababu neno la kumtenga mtu halitumwi kwa simu. Mtu huambiwa usoni.

Jumapili baada ya misa tulipanda gari la mwenyekiti, sisi watatu. Yule mama wa Uvira alipanda na sufuria kubwa ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofungwa kitenge, akaiweka mapajani kama mtoto.

"Unakwenda kwenye ugomvi na sufuria?" nilimuuliza.

"Mama, kama ni kugombana, tugombane tumeshiba. Wa njaa anasema bintu bya kupita kipimo."

Mwenyekiti alicheka, akaniona kwenye kioo, akaacha kucheka. Barabara ile ina njia nyingi upande wa kwenda na nyingi upande wa kurudi, na magari hayakatiki. Nikiitazama niliwaza habari ya watu waliopewa nchi ng'ambo ya mto. Nilijisemea kwamba na mimi ni mmoja wa wale walioshika silaha, na kwamba silaha yangu ni neno langu mwenyewe. Sikulia. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili njia nzima.

Nyumba za Katy zinafanana mno. Mwenyekiti aligonga mlango wa watu wasiokuwa wetu, akaomba radhi kwa mzee Mhindi aliyetuelekeza kwa kidole nyumba ya tatu. Mlango ulifunguliwa kabla hatujaufikia. Wajukuu walitoka mbio, wakanikumbatia magotini, wakanisemesha Kiingereza. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu, akaja nyuma yao na sinia lenye glasi za maji, kama ilivyo desturi.

Kwetu mgeni hakatai maji. Anayekataa anasema kwamba hakuja kwa amani, na hakuna njia nyingine ya kulifasiri. Mkamwana alipiga goti akaninyoshea sinia. Nilisema, "Bado." Mwenyekiti aliyekuwa amekwisha kuishika glasi yake aliirudisha. Yule binti hakusimama. Aliendelea kupiga goti pale, sinia mbele yake.

Mwanangu alitokea ukumbini. Alitazama sinia, akanitazama, akaelewa.

"Karibuni mkae, mama."

"Sikuja kukaa. Nioneshe."

Hakuuliza nini. Alituongoza katika chumba kidogo karibu na mlango wa mbele. Ilikuwepo, kama ilivyokuwa pichani, na kitambaa chake hadi sakafuni, ila mshumaa haukuwaka. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, na sauti yangu haikukatika.

"Uliinua mkono. Baba yako hakukuacha na mali, alikuacha na meza, na meza ile ni ya watu wote. Mtu mmoja alisimamisha ya pili, tukapoteza nusu ya ndugu zetu, na mpaka leo tukikutana nao dukani wanageuza nyuso. Na wewe umeasi. Umekuwa mtu wa Katy. Zamu mbili zimekupita. Sasa umejipa kanisa lako. Mwenyekiti yupo, na huyu mama yupo. Nimekuja kusema neno nililoliweka."

"Kabla hujalisema, mama," alisema mwanangu, "inua kitambaa."

"Sigusi."

"Basi miye nitagusa," alisema mama wa Uvira, akaliinua pembe la nyuma.

Mguu wa nyuma, wa kushoto, ulikuwa mfupi. Haukuvunjika. Ulikuwa mpya, wa mbao nyeupe kama miguu mingine, na umekatwa kwa msumeno pale pale ulipokatwa ule wa Gulfton. Chini yake palikuwa na kabari, na sikuhitaji miwani kuujua mti wa mwiko.

Mwanangu alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya mguu ule.

"Niliitengeneza hapo gereji," alisema. "Nilinunua mbao, nikapima ile ya baba usiku ule wa zamu ya mwisho niliyokuja. Haijawahi kusaliwa hata siku moja, mama. Hatujaweka mkate juu yake wala kitabu. Mshumaa mliouona ni wa kimbunga. Umeme ulikatika, chumba hiki ndicho kilichokuwa na ubaridi kidogo, tukawaketisha watoto hapa, na mshumaa ungesimama wapi? Nilikuwa nawaeleza habari za mguu."

"Habari gani za mguu?"

Alitazama mlangoni, ambako watoto walikuwa wamejipanga.

"Tulipokuja mara ya mwisho, watoto wa jumuiya walikuwa wanashindania nani atangulie kufungua milango ya meza. Mmoja akamwambia huyu wangu mdogo, 'Nyinyi ni wa Katy. Meza hii siyo yenu.' Alilia njia nzima. Nikajiuliza, mama: leo ni watoto wanataniana. Lakini mimi nikiondoka duniani, na wewe ukiondoka, hawa wataenda Gulfton waseme nini? Nani atawajua? Wale wa huko watasema barabara ndiyo mpaka, ninyi hamna fungu hapa. Ndipo nikataka pawe na kitu cha kuonesha. Kwamba tazameni, tuna mfano wa ile, mguu wake ni uleule, babu yetu ndiye aliyeikata ile na mwana wake ndiye aliyeikata hii. Si ya kusalia. Ni ya kushuhudia."

"Kwa nini hukuniomba ruhusa?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," nilisema, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Hapo mjukuu huyu anayeandika alisogea akasimama kati yetu. Ni yeye pekee miongoni mwao anayenijibu kwa Kiswahili, ingawa hukiburuta kama mkokoteni.

"Bibi, hii ni ile hadithi."

"Ipi?"

"Ya madhabahu. Wale wa ng'ambo ya mto."

"Ile iliisha kwa vita."

"Haikuisha kwa vita," alisema. Aliogopa, nilimwona, lakini hakurudi nyuma. "Nilidhani unaikata makusudi ili tuogope. Mimi niliisoma mpaka mwisho."

Mwenyekiti alikohoa. Nilimwambia mtoto aende akalete kitabu, asome, na asiruke.

Alisoma kwa Kiingereza kidogo kidogo, akinigeuzia kwa Kiswahili, na baba yake akimsaidia mahali alipokwama. Nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu lori lile liondoke kambini, kile ambacho katekista alikuwa ametuwekea kesho. Kwamba wale walioshika silaha, kabla ya kupiga, walimtuma kuhani na wakuu wavuke kwanza wakaulize. Kwamba wajumbe walisema kwa ukali, wakawakumbusha pigo la zamani. Kwamba wale wa ng'ambo waliapa kuwa hawakuijenga kwa sadaka, bali kwa kuogopa siku ambayo watoto wa huku watawaambia watoto wa kule kwamba mto ni mpaka na hamna fungu. Kwamba waliita ile madhabahu shahidi. Na wajumbe waliposikia walipendezwa, wakarudi, na habari ya vita haikusemwa tena.

Mjukuu alifunga kitabu. Nilimuuliza kama baba yake alikuwa ameisoma kabla ya kuchonga meza. Mwanangu alisema hapana. Alikuwa ameijua kama nilivyomsimulia mimi, na ndiyo maana alifunika ule mguu kwa kitambaa.

"Sasa miye nauliza," alisema mama wa Uvira. "Mule ndani hakuandikwe kama wale wajumbe walibeba sombe?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado na jambo la kupima, kwa sababu mtu mzima anaweza kupanga maneno mazuri, na nimewahi kumsikia mwenye kipaza sauti akipanga mazuri kuliko hayo. Nilimwita yule mjukuu mdogo, aliyelia njia nzima. Nilimwonesha mguu.

"Huu mbona ni mfupi?"

Alimtazama dada yake, dada yake akamgeuzia swali. Kisha akajibu, nusu kwa lugha yao na nusu kwa yetu, kwamba babu aliikuta meza kwenye takataka, kwamba ilikuwa inaumwa mguu, kwamba babu aliibeba mgongoni juu, juu, juu, na akakata mwiko wa bibi, na bibi akakasirika.

"Bibi hakukasirika," nilisema. "Alinuna. Ni vitu viwili."

"Alinuna," akarudia mtoto kwa uangalifu.

Nikageuka. Mkamwana wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake, mikono imechoka, maji yamepoteza ubaridi. Nilimwambia, "Nipe maji, mwanangu." Alipiga goti. Nilipokea kwa mikono miwili nikanywa glasi yote bila kuishusha, kisha nikakaa.

Nilimwambia mwanangu mambo mawili. Kwanza, alikosa kwa kutouliza, na kosa hilo silifuti kwa sababu mwisho wake umekuwa mzuri. Ataipokea kabari katika zamu inayofuata hata kama itambidi abadilishane siku na mwenzake kazini. Pili, kitambaa kiondoke. Kama meza ni shahidi, mguu wake uonekane na kila anayeingia. Mkamwana alikikunja papo hapo, akanipeleka jikoni nikione kikiingia kabatini, na ndipo nilipouona mwiko wake uliotundikwa juu ya jiko. Ulikuwa umekatwa bapa. Alikuwa anasongea ugali kwa fimbo.

"Na wewe alikufanyia hivi?"

"Aliniambia Bwana amechukua sehemu yake, mama."

Hapo nilicheka. Tukala sombe.

Jumamosi iliyofuata, Gulfton, niliwaketisha watoto wa jumuiya mbele ya meza ya mume wangu nikawasimulia tena habari ya madhabahu ya ng'ambo, na safari hii sikusimama walipokusanya silaha. Kijana aliyesema kwamba meza si ya watu wa Katy alikuwa mbele. Sikumtaja. Aliinamisha kichwa mwenyewe. Zamu ya mwanangu ilipofika, walikuja wote. Mkamwana alinyosha mikono akaipokea kabari, meza ikapakiwa katika gari la mwenyekiti, ikavuka barabara kuu kwa mara ya kwanza tangu itupwe kwenye pipa, na jumuiya nzima ikaifuata. Huko Katy tuliziweka pamoja, ile ya kusalia katikati na ile ya kushuhudia kando. Zote mbili ziliegemea upande uleule. Majirani walituma barua kulalamikia magari yaliyojaza barabara yao, na mwenyekiti aliwapelekea ndizi za kukaanga.

Neno nililoliweka bado lipo. Meza ya sala ni moja. Ila tumeliongezea kwamba anayehama aruhusiwe kuchukua kipimo.

Wa kwanza kukiomba ni familia moja ya jumuiya iliyohamia Arlington, mbali upande wa Dallas, ambako hawawezi kurudi kila Jumamosi. Mama wa familia ile alipima urefu wa mguu kwa kiganja changu kabla hawajapakia vyombo. Juzi alinipigia simu. Meza iko tayari, alisema, mumewe amekwisha kuukata mguu, wa nyuma, wa kushoto, na sasa ameingia jikoni anautazama mwiko wake.

"Bibi, nimzuie? Ndio huo mmoja tu niliotoka nao kambini. Nitasongea nini?"

Nilimwambia asimzuie. Nilimwambia kwamba wa kwangu na wa Katy yote ilikatwa, na hakuna nyumba kati ya hizo iliyolala bila ugali. Kisha nilimwomba awaite watoto wake jikoni, waone baba yao akikata, ili baadaye wasije wakaambiwa habari ya mguu na mtu mwingine.